Kila mwanasiasa anasema anaiunga mkono chekechea. Basi mbona mswada wake haupiti?

Swali: Mwalimu, salamu. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi katika chekechea ya umma, kwenye kaunti mojawapo ya Pwani ya Kenya. Tumejengewa madarasa mawili mazuri, lakini mwalimu ni mmoja, mkataba wake huisha kila Desemba, na sisi wazazi ndio tunaochanga pesa za msaidizi na za uji. Mswada wa elimu ya chekechea uliletwa kwenye bunge la kaunti, ukasomwa mara ya kwanza, kisha ukapotelea kwenye kamati. Kila mwanasiasa tunayemwendea anatuambia yuko nasi. Kama wote wako nasi, nani anaupinga? Na je, si afadhali tudai walimu wetu wachukuliwe na TSC, Tume ya Huduma kwa Walimu?

Jibu: Mama mwenyekiti, nakushukuru kwa swali lako, hasa hapo ulipouliza nani anaupinga. Nijuavyo mimi, hakuna anayeupinga. Mswada wa chekechea hauuawi na adui. Unakufa kwa sababu marafiki wake wote ni marafiki wa maneno, na hakuna hata mmoja ambaye atapoteza kitu usipopita. Mwakilishi wadi akikataa barabara ya wadi yake, atasikia. Akikataa basari, ule msaada wa karo, simu yake haitalala. Mswada wenu ukilala kwenye kamati miaka miwili, nani atamwuliza? Na baada ya miaka hiyo miwili watoto wenu watakuwa Gredi 1, ninyi wazazi mtakuwa mmeshahamia kwenye shida za shule ya msingi, na kamati itakuwa na watu wapya wanaoanza kujifunza upya. Huu ndio udhaifu wa kwanza wa siasa za chekechea popote duniani: wanaohitaji huduma hawapigi kura, na wazazi wao ni wapita njia. Chama cha wakulima wa korosho kipo mwaka huu na kitakuwepo mwaka kesho. Wazazi wa PP1 na PP2, madarasa mawili ya chekechea, wanabadilika kila baada ya miaka miwili.

Lakini udhaifu huo peke yake hauelezi kwa nini madarasa yanajengwa na walimu hawaajiriwi. Kwa hilo inabidi tuangalie pesa zinavyopangwa, na hapo ndipo ninapotaka ukae kidogo.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa serikali kuu shule za msingi na za sekondari, na ikazipa kaunti elimu ya chekechea pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Mgawanyo huo haukutoka hewani. Tangu uhuru chekechea zetu zilikuwa mali ya harambee: wazazi walijenga kibanda, wakachagua binti mwenye moyo, wakamlipa walichoweza. Mwaka 1980 jukumu la kuzisimamia lilihamishiwa Wizara ya Elimu, na miaka michache baadaye kikaundwa kituo cha kitaifa cha kufundisha walimu wa watoto wadogo, lakini mshahara ukabaki mfukoni mwa mzazi. Mwaka 2003 serikali ya Rais Kibaki ilipoifanya elimu ya msingi kuwa bure, chekechea iliachwa nje. Matokeo yake yalionekana upesi katika sehemu kadhaa za nchi. Mzazi alijiuliza kwa nini alipie mtoto wa miaka mitano ilhali wa miaka sita anasoma bure, akamweka nyumbani akingojea Darasa la Kwanza. Ikaja sera ya kitaifa ya malezi ya watoto wadogo mwaka 2006, maneno mazuri sana, bila mgao wa kila mtoto. Kwa hiyo ilipofika 2010, chekechea ilikuwa kitu ambacho hakuna mwajiri wa kitaifa aliyekuwa anakishikilia kwa mikono miwili. Ni rahisi kugatua kitu kama hicho.

Serikali za kaunti zilipoanza kazi 2013, zikaanza kuajiri, na chama cha walimu, KNUT, kikapinga. Hoja yao ilikuwa na uzito: Kifungu cha 237 cha Katiba kinaipa TSC kazi ya kusajili na kuajiri walimu, na mwalimu ni mwalimu, awe anafundisha watoto wa miaka minne au kumi na minne. Magavana wakasema Jedwali la Nne limewapa wao kazi hiyo. Mvutano ukafika mahakamani. Wakati wakubwa wanavutana, mwalimu wa chekechea akaajiriwa kwa kandarasi, mahali pengine kwa posho tu, na hali ambayo ilipaswa kuwa ya muda ikawa desturi. Hata Bunge lilipopitisha Sheria ya Elimu ya Chekechea ya 2021, iliyoeleza jinsi kaunti zinavyopaswa kusimamia, kusajili na kukagua vituo, swali la nani atamlipa mwalimu kiasi gani lilibaki kwa kila kaunti kulijibu kwa bajeti yake.

Sasa njoo kwenye bajeti yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka kaunti, katika kipindi cha miaka kadhaa, itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo. Kanuni zilizotungwa chini ya sheria hiyo mwaka 2015 zinasema mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Weka hayo mawili pamoja, kisha fikiria gavana mwenye pesa kidogo na wazazi mlangoni. Darasa linahesabiwa kama maendeleo. Mwalimu anahesabiwa kama mshahara. Darasa linamsaidia gavana kufikisha ile asilimia 30, mwalimu anamsogeza kwenye ukingo wa ile 35, na kaunti nyingi zimeshauvuka ukingo huo. Darasa lina zabuni, lina mwanakandarasi, lina siku ya kufunguliwa. Mwalimu hana siku ya kufunguliwa. Analipwa mwezi huu, na mwezi ujao, na miaka thelathini ijayo.

Niliwahi kusimama mbele ya darasa la namna hiyo, si mbali sana na bahari. Kuta zilichorwa twiga, embe na herufi kubwa. Kibao cha marumaru ukutani kilikuwa na jina la gavana na tarehe. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa na kufuli, na watoto wote wa PP1 na PP2 walikuwa wamepangwa kibarazani, wakubwa upande wa kushoto, wadogo kulia, kwa sababu mwalimu hakuweza kuwa ndani ya vyumba viwili kwa wakati mmoja na aliona ni salama zaidi awaweke mahali ambapo macho yake yanawafikia wote. Alikuwa akifundisha kuhesabu kwa vifuniko vya chupa, kwa utulivu na kwa ustadi mkubwa. Serikali ya kaunti ilikuwa imetekeleza ahadi yake ya kujenga. Wala sisemi kwamba waliojenga hawakuwa na nia njema. Mfumo wa bajeti uliwasukuma kwenye saruji, nao wakaenda.

Nakusisitizia jambo hili kwa sababu wazazi wengi huingia kwenye kikao cha bajeti wakidhani wanapambana na watu wabaya. Wanapaza sauti, wanaambiwa "tumewasikia", wanarudi nyumbani. Mtu anayejua kwamba tatizo liko kati ya asilimia 30 na asilimia 35 huuliza swali lingine kabisa. Huuliza: katika mishahara ya kaunti hii, walimu wa chekechea ni sehemu gani, na nani wengine wamo? Kikomo cha 35 kinasema mishahara isizidi kiasi gani. Hakisemi nani aajiriwe. Chekechea ni kazi ambayo Katiba imeipa kaunti kwa jina. Si kaunti zote zinazoweza kusema hivyo kuhusu kila mtu aliye kwenye orodha ya malipo.

Vivyo hivyo basari. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliziandikia kaunti kuzitaka ziache kutoa basari za sekondari na vyuo bila makubaliano rasmi na serikali kuu, kwa kuwa hiyo si kazi ya kaunti. Magavana walikataa, na suala likafika mahakamani. Sitaki kuwanyang'anya wanafunzi wa sekondari basari zao, na ninajua vizuri kwamba kuna watoto wangebaki nyumbani bila hizo. Lakini angalia siasa yake. Kaunti zilikuwa tayari kutetea mbele ya hakimu haki ya kutumia pesa kwenye kazi isiyo yao, kwa sababu mwenye basari ana mzazi anayeshukuru kwa jina na ana miaka kumi na minane au anaikaribia. Sikumbuki kaunti iliyokwenda mahakamani kudai iruhusiwe kuajiri walimu wengi zaidi wa chekechea.

Ukiniuliza ni wapi jambo hili limewahi kupita na likadumu, nitakupeleka mbali kidogo, Oklahoma, Marekani. Nimelichagua jimbo hilo kwa sababu si mahali ambapo mtu angetarajia. Ni jimbo la mafuta, ng'ombe na siasa za kihafidhina, lisilopenda kodi.

Miaka ya 1990 wilaya nyingi za mashambani Oklahoma zilikuwa zinapoteza wanafunzi. Shule kule hupata pesa za jimbo kwa kuhesabu watoto, kwa hiyo watoto wakipungua, mgao unapungua. Baadhi ya wilaya zikagundua mwanya: zikawaingiza watoto wa miaka minne kwenye darasa la watoto wa miaka mitano na kuwachukulia mgao kamili. Kila mtu serikalini alijua mwanya huo lazima uzibwe. Mwaka 1998 mbunge mmoja wa jimbo kutoka mji mdogo wa Vinita, Joe Eddins, mfugaji wa ng'ombe aliyewahi kuwa mwalimu, akaleta mswada wa kuuziba. Ndani ya mswada huo huo akaweka kwamba wilaya yoyote inayotaka inaweza kufungua darasa la watoto wa miaka minne, bure, kwa mtoto yeyote na si wa maskini peke yao, na kila mtoto atahesabiwa kwenye kanuni ya mgao wa shule kama wanafunzi wengine. Hakupiga mbiu kuhusu sehemu hiyo. Mjadala haukuwa mkubwa, mswada ukapita, na gavana wa chama cha Republican, Frank Keating, akatia saini, ingawa Eddins alikuwa wa Democrat.

Watu wakisimulia kisa hiki hupenda ule ujanja wa kupenyeza. Mimi siupendi sana, na hapa kwetu haungewezekana: Katiba inalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma, na mswada uliopenyezwa ungefutwa mahakamani. Ninachokipenda ni kile alichokiandika. Mtoto wa miaka minne aliingizwa kwenye hesabu ile ile inayolipa shule nyingine zote. Mwalimu wake alitakiwa awe na shahada na cheti cha kufundisha watoto wadogo, na alipwe kwa kiwango cha walimu wengine wa shule za umma. Na wilaya ziliruhusiwa kushirikiana na vituo vilivyokuwepo, vya binafsi na vya mpango wa serikali kuu wa Head Start, hivyo wenye vituo hawakuwa na sababu ya kupigana. Baada ya hapo darasa hilo halikuhitaji kutetewa upya kila Juni. Kila wilaya ilikuwa na pesa hizo kwenye bajeti yake, kila mwalimu alikuwa kwenye orodha ya mishahara, na mwanasiasa wa kuliondoa angelazimika kupunguza pesa za shule za watu wake mwenyewe. Kwa miaka mingi sasa thuluthi mbili hivi au zaidi ya watoto wa miaka minne wa jimbo hilo wamekuwa wakisoma humo.

Linganisha na California. Mwaka 2006 wakereketwa wa chekechea kule walipeleka jambo lao kwa wapiga kura moja kwa moja: elimu bure kwa watoto wa miaka minne, ilipiwe kwa kodi mpya juu ya matajiri. Kura za maoni za awali ziliwapa matumaini. Lakini kodi mpya ilizaa adui mwenye pesa za kampeni, baadhi ya wenye chekechea za binafsi wakaogopa kufungiwa, na siku ya kura takriban asilimia 61 wakakataa. Jiji la New York lilikaribia kuanguka hivyo hivyo. Bill de Blasio alishinda umeya mwaka 2013 akiahidi kuwatoza matajiri ili kulipia chekechea, gavana Andrew Cuomo hakutaka kusikia kodi, na jambo likaokoka pale jimbo lilipokubali 2014 kutoa dola milioni 300 kutoka bajeti iliyokuwepo. Septemba mwaka huo zaidi ya watoto 50,000 waliingia darasani siku nzima. Hata hivyo walimu waliokuwa kwenye vituo vya kijamii walilipwa chini ya wenzao wa shule za umma kwa kazi ile ile, na ilichukua hadi 2019 kufikia makubaliano ya kuziba pengo hilo. Uliona? Hata jiji tajiri namna hiyo, palipoachwa mlango wa mwalimu wa bei nafuu, walimu wa bei nafuu walipatikana, na ilichukua miaka kuufunga.

Kuna upinzani mwingine ambao hauhusu pesa, nao sitaupita kimya kwa sababu unaweza kukutana nao kijijini kwako. Mwaka 1971 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuweka vituo vya watoto wadogo nchi nzima. Rais Nixon akaikataa Desemba mwaka huo akisema inaelekeza mamlaka ya taifa kwenye malezi ya pamoja badala ya malezi ya familia. Hofu hiyo, kwamba serikali inataka kumlea mtoto badala ya mama yake, iliua jambo hilo kwa kizazi kizima. Hapa Pwani hofu yake ilichukua sura nyingine: mtoto akienda chekechea asubuhi, ataenda chuoni, yaani madrasa, lini? Bahati njema sisi tuna jibu letu lililotangulia kaunti. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Pwani walimwendea Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, wakiomba msaada wa elimu, na kutokana na ombi hilo zikaanza Mombasa chekechea zilizounganisha mafunzo ya dini na michezo ya kujifunzia, Bi Swafiya Said akiwa mstari wa mbele kuwafundisha walimu kutoka mtaani mwao wenyewe. Mpango huo ukaenea Zanzibar na Uganda. Kwa hiyo kabla ya kumwendea mwakilishi wadi, mwendeeni imamu na mchungaji. Wakisimama nanyi siku ya maoni ya umma, hoja ya malezi haitapata pa kukaa.

Na kabla hujafikiri kwamba kuandika "bure na lazima" kunatosha, vuka mpaka pale Lunga Lunga, utazame upande wa Tanga. Tanzania, katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, ilifanya elimu ya awali kuwa sehemu ya elimu ya lazima, na Januari 2016 ikaondoa ada. Darasa la awali liko ndani ya shule ya msingi, na mwalimu wake wa serikali analipwa kwa mfumo ule ule wa walimu wa msingi. Hapo wametushinda, tena kwa mbali. Lakini mlango ulifunguliwa kabla walimu hawajaongezwa. Mwaka huo mmoja watoto waliruka hadi zaidi ya milioni moja na nusu, na katika shule za serikali mwalimu mmoja mwenye sifa akawa na watoto zaidi ya mia kwa wastani. Miaka iliyofuata imekwenda katika kulifukuzia pengo hilo, kwa shule shikizi zilizojengwa karibu na makazi na kwa mkopo mkubwa wa Benki ya Dunia kupitia mradi wa BOOST. Ninawaheshimu kwa kuanza. Ninyi, ambao bado mnaandika, mna nafasi ya kuweka idadi ya watoto kwa mwalimu ndani ya sheria yenyewe.

Sasa kazi yenu. Mswada uliolala kwenye kamati unaweza kuamshwa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi rasmi kwenye bunge la kaunti kuhusu kutungwa, kurekebishwa au kufutwa kwa sheria. Ombi hilo ni la maandishi, linapokelewa na karani, na linapaswa kujibiwa. Ombeni mambo mawili: kamati itoe ripoti yake kuhusu mswada, na waziri wa fedha wa kaunti atoe maoni yake kwa maandishi. Hili la pili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Jambo lolote lenye kugusa pesa za umma haliwezi kuendelea bungeni bila kamati kuzingatia maoni ya waziri huyo. Ninashuku, kwa jinsi ulivyonieleza, kwamba mswada wenu umekwama hapo hapo: hakuna aliyeukataa, ila hakuna aliyeandika utagharimu kiasi gani.

Kwa hiyo andikeni ninyi. Hesabuni chekechea za umma za wadi zenu tatu au nne, watoto waliopo, walimu waliopo, walimu wanaohitajika. Zidisheni kwa mshahara wa daraja mnalodai. Mtu akiwa na karatasi yenye hesabu kwenye kikao, mjadala unahama kutoka "tumewasikia" kwenda "hii ni nyingi mno, tuanze na nusu". Hapo ndipo pa kufika. Nusu mwaka huu na nusu mwaka ujao, ikiwa imeandikwa ndani ya sheria, ni ushindi ambao ningeuchukua kwa furaha.

Ndani ya mswada piganieni vitu vitatu, na mkilazimika kuacha mengine yote, acheni. Daraja la ajira la mwalimu, la kudumu na lenye pensheni. Idadi ya juu ya watoto kwa mwalimu mmoja. Na mgao wa kila mtoto kwa mwaka, unaokwenda kwenye akaunti ya chekechea yake. Mtoto wa Gredi 1 katika shule ya umma ana mgao wake kutoka serikali kuu, Sh1,420 kwa mwaka, ingawa nao huchelewa. Mdogo wake wa PP2 hana, labda kaunti yake iamue kumpa. Maneno kuhusu umuhimu wa utoto, haki, maono na dhamira, hayo yatakuwepo tu, hayahitaji mtu wa kuyapigania.

Kuhusu muda, sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kamati nyingi hupoteza mwaka mzima. Wazazi huitwa kutoa maoni Mei, makadirio yakiwa yameshapelekwa bungeni, ambayo kisheria ni kufikia Aprili 30. Wanafika wamejiandaa, wanasema vizuri, na wameshachelewa. Viwango vya juu vya kila idara huwekwa kwenye Taarifa ya Mkakati wa Fedha ya kaunti, inayopelekwa bungeni kufikia Februari 28. Baada ya hapo wawakilishi wadi wakitaka kuongeza shilingi moja kwa chekechea lazima waipunguze mahali pengine, na hakuna idara inayokubali kupunguzwa mwezi wa sita. Nendeni Januari. Na kabla ya hiyo, kuna Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, unaopelekwa bungeni kufikia Septemba 1. Jambo lisilokuwemo humo ni vigumu sana kuliingiza baadaye. Mkikutana na mwakilishi wenu, msimwulize kama anaiunga mkono chekechea. Mwulizeni kama mstari wa mishahara ya walimu wa chekechea umo kwenye taarifa ya Februari, na ukurasa gani.

Uchaguzi mkuu unakuja Agosti 2027. Ninyi mtakuwa mmebadilika, kwa hiyo tafuteni namna ya kuwabakiza wazazi waliomaliza. Kamati moja ninayoijua iliweka kanuni kwamba mwenyekiti akimaliza muda wake anabaki mlezi kwa miaka mitatu, na kazi yake ni moja tu, kufuatilia bajeti. Inasaidia kuliko unavyodhani. Maafisa wa kaunti huzoea kuona sura mpya kila mwaka, na sura inayorudi na karatasi za mwaka jana huwafanya wajibu kwa uangalifu.

Umeniuliza kuhusu TSC. Ninawaelewa walimu wanaoidai, na kwa mtu aliyefundisha miaka kumi kwa kandarasi mimi ni nani nimwambie asubiri. Lakini kama mkakati wa wazazi, nisingeweka matumaini yote huko. Kuiondoa chekechea moja kwa moja kwenye kazi za kaunti ni kugusa muundo wa ugatuzi, na mabadiliko ya Katiba ya aina hiyo yanahitaji kura ya maoni ya nchi nzima. Njia fupi zaidi ni Kifungu cha 187, kinachoruhusu serikali moja kuikabidhi nyingine kazi kwa makubaliano, ila makubaliano hayo yanataka pesa zifuate kazi, na hapo serikali kuu itasema haina, na magavana watasema mgao wao usiguswe. Mnaweza kukaa mkingoja miaka. Wakati huo huo kuna sehemu ya TSC mnayoweza kuitumia kesho: usajili. Mwalimu wa chekechea aliyehitimu anasajiliwa na TSC hata kama mwajiri wake ni kaunti. Hakikisheni mwalimu wenu amesajiliwa, na katika mswada andikeni kwamba kila mwalimu aliyesajiliwa, aliyefundisha katika chekechea ya umma ya kaunti kwa mikataba mitatu mfululizo, apewe nafasi ya kwanza pindi ajira ya kudumu inapotangazwa. Kifungu hicho hakigharimu chochote siku ya kupitishwa, kwa hiyo kitapita, na mwaka ambao kaunti itaajiri, mwalimu wenu wa vifuniko vya chupa au wa kokoto, nyote mnamjua, hatapangwa foleni moja na mpwa wa mtu.